Gerhard Lindblom na Hatua za Maisha ya Wakamba

Atafitiye fasihi simulizi ya Kitui na Makueni hana budi kukutana na jina la Gerhard Lindblom, Mswidi aliyezaliwa mwaka 1887. Alifika Ukambani mwanzoni mwa miaka ya 1910, akiwa kijana. Makueni wakati huo ilihesabiwa upande wa Machakos, nayo haikuwa wilaya hadi mwaka 1992. Alijifunza Kikamba, na mwaka 1916 akawasilisha tasnifu yake Uppsala kuhusu Wakamba.

Tasnifu hiyo humfuata mtu tangu kuzaliwa, akapitia jando liitwalo nzaiko, akaoa au kuolewa, hadi mauti. Humo umri haupimwi kwa miaka pekee. Hupimwa kwa uhusiano: nani ni mwana wa nani, nani amekwisha kupita nzaiko, nani sasa ana mamlaka ya mzee. Hapa ndipo, kwa maoni yetu, Lindblom alipofaulu zaidi.

Ngano, vitendawili na methali alizozikusanya zilitoka baadaye, kati ya 1928 na 1935, katika juzuu tatu, yeye akiwa mtumishi wa makumbusho Stockholm. Huko akazipanga kwa aina: wanyama mbali, mazimwi mbali. Basi msomaji hupata ngano nzima, lakini haioni familia iliyoketi kuisikiliza, wala susu, yaani nyanya, akimlea mjukuu kwa masimulizi. Familia hiyo imebaki katika tasnifu. Wengi wetu hufungua juzuu za ngano tu.

Alifariki mwaka 1969.