Mtoto wa Morisi na tezi za juu ya figo

Kule Kakontwe, anayepasua mbuzi anakuta kijinyama kidogo karibu na kila figo, mule ndani ya mafuta, na anakitupa tu. Aliyekichunguza ni munganga Charles-Édouard Brown-Séquard, aliyezaliwa Port Louis, Morisi, 1817. Baba yake, nahodha Mmarekani, alipotea baharini mbele hajazaliwa. Mama alishona nguo ili wale. Akasomea Paris. Mwaka 1854 kipindupindu kilipopiga Morisi, alirudi kutibu watu wa kwao.

Mwaka 1856 alitoa tezi hizo kwa mbwa, paka na sungura. Walikufa haraka. Ya kuume ndiyo inasumbua, imeshikana na mshipa mkubwa wa damu. Ya kushoto ina nafasi, na kwa panya huwa kubwa kidogo. Ndipo Philipeaux akaleta panya weupe waliotolewa zote mbili, na wanaishi! Brown-Séquard akaonekana amekosea: labda kisu chenyewe ndicho kiliua. Kumbe panya mara nyingi wana vipande vingine vya nyama ileile, vinavyobeba kazi. Hilo lilieleweka pole pole. Yeye alifia Paris 1894.