Gor Mahia: Mzee wa Kanyamwa ambaye jina lake lilibeba kombe la Afrika

Siku ya debi ya Mashemeji, Nairobi hugeuka kijani. Matatu zinapiga honi, vijana wananing'inia madirishani, na jina linaloimbwa kutoka katikati ya jiji hadi uwanjani ni moja tu. Lakini msimamishe shabiki yeyote umuulize huyo Gor Mahia mwenyewe alikuwa nani. Wengi watakwambia alikuwa mganga. Basi, stori imeisha.

Ukweli ni kwamba stori haijaanza hata. Gor Mahia alikuwa mtu wa damu na nyama, na maisha yake yana mengi ya kumfunza kijana wa leo kuliko juju tunayomsingizia.

Kwao ni Kanyamwa, Ndhiwa, katika Kaunti ya Homa Bay. Ukisimama juu ya miinuko ya Kanyamwa, chini yako unaona Bonde la Lambwe, na ng'ambo milima ya Gwassi. Leo sehemu ya bonde hilo ni Mbuga ya Ruma, makao ya korongo, yule swala mkubwa ambaye Kenya nzima amebaki hapo tu. Lakini kwa miaka mingi Lambwe ilisifika kwa kitu kingine: mbung'o. Mdudu huyo aliua ng'ombe na kuwaletea watu malale. Kuishi pembeni mwa bonde kama hilo si mchezo. Watu walihitaji mtu wa kuwaeleza kwa nini mifugo inakufa, mvua imechelewa, au kama vita vinakuja.

Mtu huyo Wajaluo humwita ajuoga. Anatibu, anapiga ramli, na wakubwa wanamtafuta kabla ya kuamua jambo zito. Gor, aliyezaliwa karne ya 19, alikuwa ajuoga. Wazee humtaja kama mwana wa Ogada na mjukuu wa Ogalo, na hapo ndipo mashabiki walipata lile jina la K'Ogalo. Hilo Mahia ni jina la sifa tu, maana yake ni miujiza au maajabu.

Na maajabu yanayosimuliwa ni kibao. Ati ungemtafuta nyumbani kwake ukamkuta mtoto mdogo, kumbe ndiye. Ukirudi kesho unakuta kikongwe asiyeweza kusimama, kumbe ndiye. Wengine husema aliweza kugeuka kichuguu, adui wakapita kando yake bila kushtuka. Inasimuliwa pia kwamba alikuwa na wake wengi mno, jambo ambalo zamani halikuwa la kujionyesha tu. Kila ndoa ilimpa mtu mashemeji katika ukoo mwingine, na mashemeji ni watu wa kukupa habari na kukuficha siku mambo yakiharibika.

Mambo yaliharibika Waingereza walipofika. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 walifungua kituo cha utawala Karungu, ambayo leo iko Migori, kisha makao yakahamia Kisii. Walikuja na kodi ya nyumba, kazi za lazima na bunduki. Majirani Abagusii walikataa, wakashambuliwa na wanajeshi wa serikali mwaka wa 1905 na tena 1908. Watu wengi waliuawa, boma zikachomwa na ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu. Habari za namna hiyo hazikuchelewa kufika Kanyamwa.

Hapo ndipo Gor alipojaribiwa kweli. Angeweza kuwaambia vijana wake kwamba risasi zitageuka maji. Waganga wengine wa enzi hiyo waliahidi hivyo. Huko Tanganyika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilimaliza watu wasiohesabika. Lakini masimulizi ya Kanyamwa yanamkumbuka Gor kwa njia tofauti. Hakuwapeleka watu wake mbele ya bunduki. Wageni walimtambua kama chifu, naye akaendelea kuwa mzee wa watu wake, akijua lini ajitokeze na lini asionekane.

Sasa soma upya zile hadithi za kugeuka. Mzungu anafika bomani na askari wake, anamtaka chifu. Anamkuta mtoto, au kikongwe aliyejikunyata kando ya moto. Hakuna anayesema neno. Mimi naona hapo muujiza mkubwa kuliko wa kugeuka kichuguu: boma zima kukaa kimya, hakuna hata mmoja wa kumuuza mzee. Heshima ya namna hiyo hainunuliwi.

Kifo chake kwa kawaida huwekwa karibu na 1920, mwaka ambao Kenya ilitangazwa rasmi kuwa koloni. Mzee alikwenda, jina likabaki Ndhiwa kwenye midomo ya wazee. Halafu likapanda gari la kwenda mjini.

Mwaka wa 1968 wapenzi wa soka waliunganisha nguvu za Luo Union na Luo Stars wakaunda klabu moja, wakaiita Gor Mahia. Mwaka huo huo klabu hiyo changa ikashinda ligi. Mwaka wa 1980 serikali ilipokataza majina ya kikabila, Abaluhya ikawa AFC Leopards na Luo Union ikawa Re-Union. Jina la mzee wa Kanyamwa bado tunaliimba hadi leo.

Kombe la Washindi barani Afrika lilianzishwa 1975, na Tonnerre ya Yaoundé ndiyo iliyolibeba kwanza. Mwaka wa 1979 Gor Mahia ilifika fainali, ikakutana na Canon, pia ya Yaoundé. Ilikuwa aibu: jumla ya 8-0 katika mechi mbili. Kama juju ingekuwa inafunga mabao, siku hiyo ilikuwa likizo.

Miaka minane baadaye walirudi fainali, safari hii dhidi ya Espérance ya Tunisia. Kombe hilo mashabiki wengi walilijua kama Kombe la Mandela, na Mandela mwenyewe alikuwa bado gerezani. Vijana wa nahodha Austin Oduor walikwenda Tunis wakatoka 2-2. Desemba 1987, Kasarani ikiwa mpya kabisa, mechi ya marudiano ikaisha 1-1. Jumla 3-3, na mabao mawili ya ugenini yakaipa Gor kombe. Hadi mashindano hayo yalipofungwa 2003 na kuunganishwa na mengine, hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kulibeba, wala iliyowahi kushinda kombe lolote la CAF.

Wapo wanaosema bado kwamba ni ndumba za mzee zilizoshinda. Maneno hayo yanawaonea watu wawili. Yanawaonea akina Abbas Magongo na Peter Dawo, waliotoa jasho Tunis mbele ya mashabiki wa watu. Na yanamwonea Gor, aliyejua kwamba usipolingana na adui kwa nguvu, unamshinda kwa kusoma mchezo.

Hata ile sare ya Tunis ilikuwa hivyo. Gor Mahia haikumfunga mwenyeji wake. Ilikataa kufungwa, ikachukua mabao mawili, ikarudi nyumbani kusubiri. Mzee wa Kanyamwa angeuelewa mchezo huo bila kufundishwa sheria hata moja.