Mwalimu Nyerere na Kura ya Wenye Pato

Katika nchi ya Ntuzu, ambayo leo ni Bariadi na siku za Waingereza ilikuwa sehemu ya wilaya ya Maswa, mwanamume mzima alidaiwa kodi ya kichwa, hata kama mavuno yake yote ni magunia machache ya pamba. Lakini uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria ulipotangazwa, mkulima huyo huyo hakuwa na kura. Mpiga kura alitakiwa awe na pato la shilingi 3,000 kwa mwaka, au elimu ya darasa la 12, au cheo kilichotajwa katika sheria. Tena alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu.

Mambo hayo yalimkuta Julius Kambarage Nyerere akiiongoza TANU. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Akasoma Tabora, Makerere na Edinburgh, kisha akafundisha Pugu. Mwaka 1955 aliuacha ualimu pamoja na mshahara wake. Usukumani kazi ilimwia ngumu zaidi, kwa kuwa Serikali ilikipiga marufuku chama chake huko tangu 1954 hata 1958.

Januari 1958, katika mkutano wa Tabora, wengi walitaka kuususia uchaguzi ule. Twakiri kwamba uchungu wao ulikuwa wa haki. Nyerere aliwasihi waingie, wakakubali. Zuberi Mtemvu akajitenga na kuunda chama chake. Sisi twaona Mwalimu aliona mbali, maana kususia kungewaachia Baraza wale wale waliopendelewa na sheria.

Mwaka huo huo alishitakiwa kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya gazetini, akahukumiwa kulipa shilingi 3,000 au kufungwa miezi 6. Msomaji aiangalie hesabu hiyo: ni sawasawa na pato la mwaka la mpiga kura! Faini ikalipwa, naye akarudi kwenye kampeni, na TANU ikashinda.

Mwaka 1960 masharti yalilegezwa. Aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili aliweza kujiandikisha, na walioandikishwa wakapita laki 8. Mwaka 1962, nchi ikiwa huru, ndipo kila mtu mzima, mwanamke kwa mwanamume, alipoweza kumchagua Rais. Mshindani wa pekee wa Nyerere alikuwa yule yule Mtemvu.

Kodi ya kichwa nayo iliondolewa mwaka 1969. Yatupasa kusema pia kwamba ilirudi katika miaka ya 1980, Mwalimu akiwa bado Rais, kwa jina la kodi ya maendeleo. Ilifutwa mwaka 2003, naye alikwisha kufariki London tangu tarehe 14 Oktoba 1999.