AMPÈRE NA KIPIMO CHA UMEME

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kununua betri za redio. Ukifungua sauti ya juu, betri huisha upesi. Sukari hupimwa kwa kilo. Umeme unaopita katika waya hupimwa kwa ampea. Jina hilo limetokana na jina la mtu.

André-Marie Ampère alizaliwa mwaka 1775 mjini Lyon, Ufaransa. Hakupelekwa shule. Baba yake alimfundisha nyumbani, naye alijisomea vitabu. Mwaka 1793, wakati wa mapinduzi, baba yake alihukumiwa akauawa. Ampère alikuwa na miaka 18. Alihuzunika mno, akaacha kusoma kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kisha alivirudia vitabu vyake, na baadaye akawa mwalimu.

Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark aliona kuwa waya unaopitisha umeme wa betri hugeuza sindano ya dira. Ampère aliposikia, alianza majaribio yake. Alitambua kuwa sindano hiyo yaweza kupimia umeme unaopita.

Ampère alikufa mwaka 1836. Mwaka 1881 wataalamu walikutana Paris, wakakipa kipimo cha umeme jina lake.

Leo fundi huweka chombo kiitwacho amita kati ya betri na redio. Umeme hupita humo kwanza, naye husoma redio inakula kiasi gani. Sauti ikiongezwa, namba hupanda.

Ndugu msomaji, Ampère aliacha kusoma, lakini alirudi. Ukikwama njiani, nawe rudi darasani.