Martin Luther na Barua ya Bustani

Ndugu wasomaji, sote twamjua Dakta Martin Luther tangu mafundisho ya Kipaimara. Lakini habari za utoto wake ni wachache wazijuao, nazo zatufaa sana sisi tukaao Buseresere, karibu na machimbo ya dhahabu, kwa kuwa Luther naye alikuwa mtoto wa mchimbaji.

Alizaliwa Eisleben, katika nchi ya Ujerumani, tarehe 10 Novemba 1483. Mwaka uliofuata wazazi wake wakahamia Mansfeld, mji wa machimbo ya shaba. Baba yake, Hans, alianza kazi hiyo kwa taabu, hata baadaye akakodi tanuru za kuyeyushia madini. Mama yake, Margarethe, alichukua kuni mgongoni. Walikuwa watu wa bidii, wenye kumcha Mungu, nao walitaka mtoto wao awe mtu wa maana. Lakini fimbo haikuwa mbali katika nyumba ile.

Luther alipokuwa mtu mzima aliwasimulia rafiki zake mambo hayo. Siku moja mama yake alimpiga hata damu ikatoka, kwa ajili ya njugu moja tu. Mara nyingine baba yake alimchapa vikali, mtoto akamkimbia na kumwekea uchungu, ikawa kazi kwa baba kumvuta tena karibu naye. Shuleni nako alipigwa mara 15 katika asubuhi moja, kwa ajili ya somo ambalo hakufundishwa. Luther alikiri kwamba wazazi wake walimtakia mema. Walakini alisema kwamba ukali ule ulimtia woga, na woga ule ulimsukuma kuingia katika nyumba ya watawa.

Mtoto aliyezoea kuogopa, hata mawazo yake huogopa. Kila alipomfikiri Kristo, Luther aliona hakimu aketiye juu ya upinde wa mvua, tayari kuhukumu. Faraja yake ilikuwa kuimba. Alipokuwa mwanafunzi huko Eisenach alipita mlango kwa mlango akiimba ili apewe mkate, na nyimbo hazikumwacha maisha yake yote. Miaka mingi ilipita, naye akisoma na kufundisha Maandiko huko Wittenberg, kabla hajamwona Mungu kuwa Baba mwenye rehema.

Mwaka 1525 alimwoa Katharina von Bora, na tarehe 7 Juni 1526 wakapata mtoto wao wa kwanza, akaitwa Hans, jina lile lile la babu yake. Mwaka 1530, rafiki zake walipokwenda Augsburg kuikiri imani yetu mbele ya Kaisari, Luther alibaki katika ngome ya Coburg. Huko, tarehe 5 Juni, alipata habari kwamba baba yake amefariki. Akaichukua Zaburi yake, akaingia chumbani, akamlilia sana yule baba aliyemchapa.

Majuma mawili baadaye, tarehe 19 Juni, akamwandikia barua Hans mdogo, mwenye umri wa miaka minne. Hakumtisha hata kidogo. Alimsimulia bustani nzuri, watoto wamevaa kanzu za dhahabu, wakiokota matufaa chini ya miti, wakiimba na kurukaruka. Walikuwa na farasi wadogo, hatamu zao za dhahabu na matandiko yao ya fedha. Hans naye angeingia humo, kama akipenda kusali na kujifunza. Basi mtoto wa fimbo akawa baba wa bustani.

Luther hakuacha kuwarudi watoto wake, na pengine alikuwa mkali. Lakini alifundisha kwamba tufaa liwekwe kando ya fimbo.

Ndugu zangu, nizurupo nyumba za Wakristo huwaona watoto wanyamazao baba aingiapo. Macho yao hutazama mbali, kana kwamba wamekimbilia mahali wapajuapo wenyewe. Mtoto wa namna hii tunamfundisha kusali Baba Yetu. Je, atakapolitamka neno Baba, ataona uso gani? Twasema samaki mkunje angali mbichi, na ni kweli. Lakini kukunja si kuvunja. Leo jioni, kabla ya sala ya nyumbani, tumwite mtoto, tumketishe karibu, tumsimulie hadithi.