Norman Joseph Woodland: mtu aliyechora mchangani mistari inayofunga leo mifuko ya Punia

Kwenye machimbo ya teritwari ya Punia, jimbo la Maniema, mfuko wa kasiteriti unaofuata mpango wa iTSCi hufungwa etiketi ya plastiki kabla ya kuondoka. Juu ya etiketi hiyo kuna nambari isiyorudiwa na mistari myeusi na myeupe, ile inayoitwa msimbopau. Mfuko wenye etiketi una njia ya kufika Kindu na kuuzwa nje ya nchi. Mfuko usio nayo unabaki mikononi mwa mchimbaji, au unapita njia za panya kwa bei ya hasara.

Mtu aliyewaza mistari hiyo kwanza hakuwa mtu wa migodi wala mfanyabiashara. Alikuwa Mmarekani, Norman Joseph Woodland, aliyezaliwa tarehe 6 mwezi wa tisa 1921 katika mji wa Atlantic City, jimbo la New Jersey. Akiwa kijana alijiunga na skauti, na huko akajifunza alfabeti ya Morse, ile ya nukta na mistari inayotumiwa kupeleka habari kwa telegrafu. Ujuzi huo mdogo wa utotoni ndio uliokuja kumsaidia kuliko mengi aliyosoma baadaye.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikatiza masomo, akapelekwa Oak Ridge, Tennessee, kuwa msaidizi wa kiufundi katika mradi wa siri wa bomu la atomiki. Wasomaji wa Kongo wana haki ya kusimama kidogo hapa: sehemu kubwa ya urani ya mradi huo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Maisha ya Woodland yaligusana na mawe ya Kongo miaka mingi kabla ya etiketi za Maniema.

Vita vilipokwisha alirudi Drexel, chuo cha Philadelphia, akapata shahada ya uhandisi wa mitambo mwaka 1947, kisha akabaki hapo kufundisha. Kabla ya hapo alikuwa amebuni namna ya kupiga muziki ndani ya lifti, lakini baba yake alimkataza kuendelea nayo. Mzee aliamini biashara hiyo iko mikononi mwa majambazi.

Mwaka 1948 rafiki yake Bernard Silver, naye wa Drexel, alisikia mazungumzo yasiyomhusu. Mkubwa wa maduka ya chakula ya Food Fair alikuwa akimwomba mkuu mmoja wa chuo kutafuta mtambo wa kusoma habari za bidhaa wakati mteja analipa. Mkuu huyo alikataa. Silver alimpelekea Woodland habari, na wawili hao wakaanza. Jaribio la kwanza lilikuwa wino unaong’aa chini ya mwanga wa urujuanimno. Wino ulififia upesi, na bei yake ilikuwa juu.

Woodland aliacha kazi chuoni akaenda kukaa kwa babu yake Miami Beach, Florida. Mwanzoni mwa 1949, akiwa ameketi ufukweni, alichoma vidole mchangani akaanza kuandika nukta na mistari ya Morse. Kisha akavivuta vidole kuelekea kwake. Nukta ikawa mstari mwembamba, mstari wa Morse ukawa mstari mnene. Aliona hapo hapo kwamba unene na wembamba vinaweza kubeba habari, na kwamba jicho la mashine linaweza kuzisoma.

Tarehe 20 mwezi wa kumi 1949 yeye na Silver waliomba hataza, na wakaipata tarehe 7 mwezi wa kumi 1952. Katika mchoro wao waliipinda mistari ikawa miduara, mmoja ndani ya mwingine, ili isomeke kutoka upande wowote. Mashine yao ya majaribio, iliyojengwa nyumbani kwa Woodland mjini Binghamton, New York, ilikuwa kubwa kama meza. Ilitumia taa ya wati 500 na kifaa cha kupokea mwanga kilichotoka katika ufundi wa sauti za sinema. Taa ilikuwa kali kiasi cha kuichoma karatasi hata ikatoa moshi. Lakini ilisoma.

Wazo lilikuwa tayari. Dunia haikuwa tayari. Leza haikuwepo bado, na kompyuta zilijaza vyumba. Woodland alikuwa ameingia kampuni ya IBM mwaka 1951 akitumaini wataliendeleza wazo hilo, ila bei waliyotoa haikumridhisha. Hataza iliuzwa kwa Philco mwaka 1962 kwa dola 15,000, na baadaye ikaenda kwa RCA. Silver alifariki mwaka 1963 kwa leukemia, akiwa na miaka 38. Hakuona hata duka moja likiutumia. Mwaka 1969 hataza ilimaliza muda wake. Mtu yeyote anayedhani kila mvumbuzi huwa tajiri aitazame hesabu hiyo: dola 15,000 kwa alama inayosomwa leo mabilioni ya mara kila siku.

Mapema miaka ya 1970, RCA ilipoanza kuonyesha miduara yake, IBM ilikumbuka kwamba mwenye wazo bado ni mfanyakazi wake. Woodland alihamishiwa North Carolina, ambako mhandisi George Laurer aliongoza kazi ya kuchora msimbo mpya. Laurer aliacha miduara akarudi kwenye mistari iliyonyooka, kwa sababu ya kiwandani kabisa: mashine ya kuchapa hupaka wino ukivutika upande karatasi inakokwenda. Mduara ukivutika hausomeki. Mstari ukivutika kwa urefu wake unakuwa mrefu zaidi tu. Msimbo huo ulichaguliwa mwaka 1973, na tarehe 26 mwezi wa sita 1974 pakiti ya chingamu ya Wrigley’s ikapitishwa juu ya skana katika duka la Marsh mjini Troy, Ohio. Bei yake ilikuwa senti 67.

Mwaka huo huo wa 1974 zilianza kuuzwa mikrokontrola za kwanza, yaani kompyuta nzima ndani ya kipande kimoja kidogo cha silikoni. Leo kipande cha namna hiyo kinafanya mezani kwa mwanafunzi kazi iliyohitaji meza nzima na taa ya wati 500 huko Binghamton.

Namna kinavyosoma ingemfurahisha skauti yeyote wa Morse. Mwanga unapopita juu ya mistari, nyeupe huurudisha na nyeusi huumeza. Kifaa cha kupokea mwanga hugeuza hali hizo kuwa umeme wa juu na wa chini, na mikrokontrola huhesabu kila hali imedumu muda gani. Muda peke yake hautoshi, maana mkono wa mtu mmoja ni mwepesi na wa mwingine ni mzito. Ndiyo sababu msimbo wa madukani huanza na mistari miwili myembamba yenye nafasi moja katikati: mashine hupima hiyo kwanza, ikajua kasi ya mkono, kisha ikalinganisha mengine yote na kipimo hicho. Kila tarakimu imegawiwa sehemu saba, zenye mistari miwili na nafasi mbili.

Skana za kununua hufanya kazi hiyo zenyewe, zikatuma tarakimu moja moja kwa waya na kumaliza kwa alama ya mwisho wa mstari. Mikrokontrola hukusanya tarakimu mpaka ione alama hiyo, ndipo inapohakiki. Wanaojaribu hukosea mara nyingi kwenye umeme: skana za zamani hutuma volti nyingi kuliko uwezo wa mikrokontrola, na bila kipande cha kupunguza katikati, kompyuta hiyo ndogo huungua.

Tarakimu ya mwisho ya msimbo wa duka hutokana na hesabu ya zile zilizotangulia. Ikisomwa moja vibaya, hesabu inakataa. Kalamu haina kinga hiyo. Katika Maniema, mtumishi wa Leta kwenye machimbo hupima mfuko, hufunga etiketi na kuandika nambari yake kwa mkono katika daftari. Saba ikiandikwa kama moja, mfuko na daftari havikubaliani tena, na anayesubiri malipo ni mchimbaji. Chombo cha mikrokontrola kinachotumia betri ndogo kingeweza kusoma etiketi hapo hapo na kuhifadhi nambari mpaka mtandao upatikane. Hakingeweza kujua jiwe limetoka shimo gani. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti likisema madini mengi ya Kivu yalifungwa etiketi ambazo hayakustahili, iTSCi ilikanusha.

Kasiteriti hiyo yenyewe ndiyo mama wa bati, na bati ndilo linalotengeneza lehemu inayoshika vipande vya skana na mikrokontrola pamoja. Wazee wa Punia waliofanya kazi Sominki walichimba jiwe hilo hilo wakati ambapo hakuna aliyeuliza mfuko una nambari gani.

Woodland alistaafu IBM mwaka 1987. Mwaka 1992 rais George H. W. Bush alimvika nishani ya taifa ya teknolojia, na mwaka 2011 yeye na Silver waliingizwa katika jumba la heshima la wavumbuzi wa Marekani. Alifariki New Jersey tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 2012, akiwa na miaka 91, baada ya kuugua Alzheimer.