Maisha ya Svante Arrhenius, Aliyepima Joto la Dunia kwa Hesabu

Svante Arrhenius alikuwa bwana mmoja wa Uswidi. Alizaliwa mwaka 1859 karibu na mji wa Uppsala, mwana wa mpima mashamba. Mwaka 1884 aliwapelekea walimu wa chuo kikuu maandiko yake juu ya chumvi iliyoyeyuka majini, jinsi inavyopitisha umeme. Hawakumsadiki sana, wakampa alama duni. Lakini kwa ajili ya jambo lile lile alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1903.

Kabla ya hapo, mwaka 1896, alikuwa ametoa kazi nyingine. Jua huipasha nchi moto kwa nuru yake, nayo nchi hulirudisha joto lile juu kwa mionzi isiyoonekana kwa macho. Nuru nyingi hupita hewani bila kuzuiwa. Bali mionzi ya joto hunaswa na mvuke wa maji na hewa ya ukaa, yaani ile itokayo katika pumzi zetu na katika makaa yanayowaka. Arrhenius alikaa muda wa mwaka mmoja hivi akihesabu kwa kalamu, akaona ya kuwa hewa ya ukaa ikizidi mara mbili, joto la dunia litaongezeka digrii 5 au 6.

Wako waliokataa. Mwaka 1900 Knut Ångström, Mswidi mwenzake, alieleza habari za kupitisha mionzi ya joto katika bomba lenye hewa ile. Hewa ilipopunguzwa theluthi moja, mionzi iliyonaswa haikubadilika ila kidogo sana. Basi wengi wakasema kwamba hewa imekwisha kunasa yote iwezayo, na nyongeza si kitu. Wakakaa na neno hilo miaka mingi.

Lakini anga si bomba. Hewa yake ni tabaka juu ya tabaka; kila moja hupokea joto kutoka chini na kulitoa tena, hata lifike juu penye baridi, litoke kwenda zake. Hewa ya ukaa ikizidi, joto hutokea mahali palipo juu zaidi na penye baridi zaidi, nalo hutoka kwa uchache. Kwa hiyo nchi haina budi kuzidi moto mpaka mizani ilingane tena.

Arrhenius alifariki mwaka 1927. Naye alikosea: wataalamu wa leo hukadiria digrii 3 hivi, tena alidhani joto litakuja polepole na kuwafaa watu wa nchi za baridi. Mwaka 1958 watu walianza kuipima hewa ya ukaa juu ya mlima Mauna Loa, huko Hawaii. Ilikuwa sehemu 315 hivi katika milioni, na sasa imepita 420.

Hatumlaumu Ångström kwa kupima na kuuliza, maana ndivyo elimu iendavyo. Twawasikitikia waliopokea jibu la bomba wasitazame juu.